Tupeane uzoefu: laki tisa, harusi za Tanga, ninunue kamera gani?

Mtoto wa Makorora

Salaam wanajamvi. Mchezo wa kupeana hela umenifikia mwezi huu, mkononi nina laki tisa kasoro kidogo, na nimechoka kupiga sendofu za watu kwa simu. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu manne. Mmoja kasema nunua bodi kubwa (kamera bila lenzi), lenzi zitakuja zenyewe. Zinakujaje zenyewe hakusema. Winga (dalali) wa Kariakoo kanitumia picha za kamera kumi na moja, zote "mpya kabisa bosi, imetumika kidogo tu".

Naomba tusiambiane "inategemea". Mtu aseme alinunua nini, kwa shilingi ngapi, na wapi ilimtia aibu. Kazi yangu ni ukumbini usiku na nikah za majumbani. Jumapili napenda kuzurura Raskazone na mnara wa saa. Na stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, je, niiweke kwenye hesabu au ni urembo?

Baba Studio

Nianze mimi maana aibu yangu ni ya zamani, haiumi tena.

Mwaka 2019 nilinunua Canon 4000D mpya na lenzi yake ya 18-55, nikaona nimemaliza. Mchana barabarani picha safi. Harusi ya kwanza ukumbi ulikuwa na taa za zambarau, na MC hataki flashi imuwakie usoni. Lenzi ile ukiivuta mpaka 55 tundu la mwanga linabana hadi f/5.6 (namba ikipanda, tundu linapungua). Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 6400, shata (lile pazia la ndani) bado inasuasua kwenye 1/15 ya sekunde. Bwana harusi akicheka anatoka na vichwa viwili. Bibi harusi, aliyepambwa tangu saa tatu asubuhi, katoka uso mzima chengachenga. Mama yake alizitazama kwenye kompyuta yangu, kimya, halafu akaniuliza taratibu: "Baba, hii ni mvua?"

Nilirudisha nusu ya hela.

Baadaye nikapata lenzi ya 50mm f/1.8, ile ndogo nyeusi. Nilinunua laki mbili na themanini kwa mtu aliyekuwa anahama. f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, kwa hiyo ile 1/15 yangu ikawa 1/125 bila kugusa ISO. Kamera ileile, ukumbi uleule. Ningeijua mapema nisingeulizwa habari za mvua.

Ila usikimbilie kuitupa 18-55. Nikah ya kwanza nilikwenda na 50 peke yake. Sebule ina watu kumi na wanane, shekhe hapa, walii pale, mimi nimegota kwenye friji. Kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo (kile kibati cha ndani kinachonasa picha), 50 inabana kama 80 ya sensa kubwa, nikaambulia kofia ya shekhe na mkono wa bwana harusi. Siku hizi sebuleni napachika 18-55 na flashi naielekeza darini. Nayo ina mtego: tazama rangi za nyumba kwanza. Kuna nyumba kuta na dari zilipakwa kijani kibichi, mwanga ukarudi kijani, walii akaonekana mgonjwa.

Kwa hela yako wewe, tafuta Canon 600D iliyotumika. Ni ya 2011 na 4000D ni ya 2018, lakini zote megapikseli 18. Tofauti ni kwamba 600D pale lenzi inapokaa ni chuma, 4000D ni plastiki. Na skrini ya 600D inafunguka inageuka. Ukiinua kamera juu ya vichwa vya kina mama wanaopiga vigelegele unaona unachopiga.

Shangazi wa Chumbageni

Baba Studio umenichekesha na friji lako. Mimi yangu ni ya Nikon, na kosa ni langu, sikusoma.

Nilikuwa na D3200. Nikaona lenzi ya 50mm f/1.8D inauzwa laki na nusu, nikatuma hela mbio. Lenzi ikaja na basi, naichomeka, haijifokasi. Nazungusha, nachomoa, napuliza, wapi. Nikampigia muuzaji nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Nikapanda gari mpaka Dar. Kijana akaichukua, akaipachika kwenye kamera yake, Nikon D7000, lenzi ikazunguka *kriii* kama cherehani.

Kumbe lenzi zile za D hazina mota ndani, zinazungushwa na mota ya kamera. Bodi za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina hiyo mota. Kwa hizo unatakiwa uchukue lenzi iliyoandikwa AF-S, ambayo ina mota yake. Wa Canon lenzi zenu za EF zote zina mota ndani, hamna presha hiyo.

Sikuirudisha, niliona haya. Nikajifunza kuizungusha kwa mkono. Kwenye kitundu cha kuchungulia kuna kidoti cha kijani, kikitulia hapo pamekaa. Kwa bibi harusi aliyeketi inawezekana. Kwa wanaocheza, sahau. Nilipiga nayo miezi minane mwanangu.

Wa Duga

Simu tu mbona zinatosha siku hizi.

Baba Studio

@Wa Duga njoo Jumamosi ukumbini na simu yako, ukae meza ya nyuma, unipigie keki inavyokatwa.

Jahazi Bovu

Mimi nizungumzie stendi, maana naona mnaipita kama hamuioni.

Ya kwanza nilinunua elfu thelathini na tano. Nyepesi kama fagio, nikaifurahia hiyohiyo. Nikaenda Raskazone magharibi, nataka ngalawa zinazorudi. Kusi limeamka. Nikaivuta miguu yote, na ule mti wa kati nikaupandisha mpaka mwisho ili nisiiname. Nimeinama kufunga kamba ya kiatu, nasikia *pu*. Kamera imelala kifudifudi kwenye mchanga wa maji. Nilikaa na kijiti cha meno siku mbili nikitoa chembe kwenye pete ya lenzi, na mpaka leo ukizungusha inasaga kama mtu anatafuna dagaa wenye mchanga.

Niliyojifunza hapo: mti wa kati usiupandishe kama si lazima, ndio unaoyumba. Miguu minene ivute kwanza, ile myembamba ya chini iwe ya mwisho. Beba mfuko mtupu, ukifika jaza mchanga au mawe, ning'iniza katikati. Na ukitoka baharini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ifungue maungio yakauke. Mimi ya pili sikuiosha, chumvi ikaila, mguu mmoja ukagoma kuingia nikawa natembea nayo kwenye daladala kama mvuvi na mkuki.

Ya tatu nilipata ya mtumba, nzito, chuma, laki moja na kumi. Kuibeba adhabu. Lakini hiyo ndiyo niliyoingia nayo mapango ya Amboni. Mle ndani giza ni giza. Niliweka f/8, ISO 400, sekunde 20, na kitufe sikushika kwa pupa: nikaweka kamera ijihesabie sekunde mbili ndipo ipige, maana kidole chenyewe kinatikisa. Lenzi yenye kizuia mtikisiko, kizime ikiwa juu ya stendi. Kisha nikamwomba mwongozaji azungushe tochi yake ukutani polepole kama anapaka chokaa. Yale mawe yalitoka kama mtu kaweka taa za ukumbi. Yeye mwenyewe hakuonekana kwenye picha kwa sababu hakusimama sehemu moja, ikabidi nimpige nyingine ya kumshukuru.

Ukumbini stendi sahau, watoto wataivaa. Na haimzuii anayecheza kutikisika.

Shangazi wa Chumbageni

Kama hela ya stendi haipo, shona mfuko wa khanga, tia dengu kilo moja, funga. Unauweka juu ya ukuta, dirisha, boneti, kamera inajilaza humo haitikisiki. Kule magofu ya Tongoni nilitumia huo siku nzima.

Fundi Redio

Kabla hujatuma hela kwa huyo winga wako, nisikilize. Kamera ya mtumba naikagua hivi.

Lenzi: ifungue tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine kwa mshazari. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Vumbi kidogo si neno, kuvu achana nayo hata ukipewa bure, maana hewa yetu hii ya pwani inailea.

Sensa: weka f/16, piga mbingu nyeupe, ikuze picha. Madoa ambayo hayahami picha hadi picha ni uchafu wa sensa. Mengi yanasafishika, yatumie kushusha bei.

Shata imepiga mara ngapi: Nikon inaandika ndani ya picha yenyewe, mwambie muuzaji akutumie picha moja halisi, si iliyopita WhatsApp. Canon nyingi haziandiki, hapo tazama raba za mshikio na pale flashi inapochomekwa. Pakichubuka sana, imefanya kazi sana, hata aape.

Sasa kuitunza. Lenzi yangu nzuri niliihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, kabatini, masika nzima. Mama naye kila Alhamisi anafukiza udi chumba kilekile. Nilipoifungua ilikuwa na kuvu kwenye kioo cha kati na harufu ya peponi. Siku hizi naweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na ndani vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Naviomba kwa wauza viatu, wananiona kichaa.

Wa Duga

Si utie mchele tu?

Fundi Redio

Mchele una vumbi la unga na wadudu. Mchele tia nazi.

Mpwa wa Bagamoyo

Napita tu kutoka huku magofu ya Kaole. Hela ya betri ya pili na kadi mbili itoeni kwanza kabla ya yote. Mimi kadi ya bei chee iliandikwa 64, kumbe feki. Ilipofika katikati ikaanza kujiandika juu ya picha za mwanzo. Sendofu nzima nina keki na kufunga mlango, kuingia kwa biharusi hakuna. Kadi mpya ijaze yote nyumbani kwa video, ifungue ya kwanza na ya mwisho, ndipo uipeleke kazini.

Mtoto wa Makorora

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, sikupotea.

600D na 18-55 nimepata kwa mtu wa hapahapa mjini, laki nne na sabini. Alianzia laki sita. Nikapiga mbingu f/16, yakatoka madoa saba, nikayahesabu kwa sauti mbele yake. 50mm laki mbili na tisini, imepita mtihani wa tochi. Betri na kadi mbili zimekula elfu tisini. Kadi nimezijaza, nina saa kadhaa za video ya feni. Flashi bado, naivizia mchezo ujao.

Stendi sikununua. Nilishona mfuko wa Shangazi, nikaenda nao Raskazone juzi, nikauweka juu ya ukingo wa ukuta, picha zimetulia kabisa. Nitaziweka hapa kesho zikishakubali kupanda. Ila mtanisubiri kidogo kwa za magharibi, jana bi mkubwa kaufungua mfuko, dengu tumekula na chapati.