Glasi za kokteli: za mguu, ndefu au fupi nene?

Kibanda_Paje: Wakuu, nafungua kaunta ndogo ya kokteli Paje, jirani na ufuo, viti ishirini. Hela yangu inatosha aina mbili za glasi, tatu nikijibana. Moyo wangu uko kwenye zile za martini, zenye umbo la V. Mwenzangu anataka tununue fupi nene na ndefu basi. Mnasemaje?

TreiMkononi: Hongera mkuu. Nimebeba trei miaka tisa, na glasi ya V kwa baa ya mchangani siishauri. Uzito wote uko juu na mdomo umepanuka, mhudumu akikanyaga vibaya tu kinywaji kinamwagika. Halafu nyingi za dukani ni ml 250 au zaidi, wakati martini ikishakorogwa na barafu hutoka kama ml 100 hadi 120. Mteja akiona glasi nusu tupu anahisi amepunjwa. Ukiijaza, umempa pombe ya watu wawili. Chukua ile ya shampeni ya kizamani, pana kama kibakuli, ya ml 150 hadi 180.

Dada wa Nyali: Naunga mkono, ila mguu usiuache. Kokteli kama martini na daiquiri hunywewa bila barafu ndani ya glasi, na kwa joto letu kiganja kikiizunguka glasi kinywaji kinavuguvugika haraka. Zilaze kwenye friza robo saa kabla ya kumimina. Wafundishe vijana kushika mguu, kamwe si ukingo ambapo mteja ataweka midomo.

Mzee wa Dawa: Mimi niko Nairobi, kwetu dawa ndiyo inayouza: vodka, ndimu, asali, barafu. Mteja mwenyewe anabonyeza ndimu kwa kijiti chenye asali, kwa hiyo glasi lazima iwe fupi yenye kitako kinene. Mojito na jini na toniki zipe ndefu, ml 300 hadi 350. Mwenzako yuko sahihi.

Kibanda_Paje: Na vile vioo vilivyokomazwa kwa moto viwe vigumu, kama glasi za Duralex za Ufaransa?

TreiMkononi: Vinavumilia kuanguka. Lakini vikivunjika vinakuwa punje ndogo, na punje ya kioo ndani ya barafu huioni. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mwaka wangu wa kwanza, hoteli moja niliyofanyia kazi, kijana alichota barafu kwa glasi na ukingo ukamegeka humo humo. Meneja akataka tuokote vipande tuendelee. Nilikataa, tukamwaga barafu yote, tukasuuza sanduku kwa maji ya moto, tukalipangusa mara mbili. Nunua kichoteo cha chuma kabla hujanunua glasi hata moja.

Dada wa Nyali: Na glasi iliyotoka kwenye maji ya moto usiitie barafu papo hapo, itapasuka. Usizitumbukize moja ndani ya nyingine, zinanasa. Maji ya kisima yakiacha ukungu mweupe, loweka kwenye maji yenye siki, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kibanda_Paje: Asanteni sana. Basi fupi nene dazani tatu, ndefu dazani tatu, na zile pana dazani moja.

Mzee wa Dawa: Hizo pana fanya dazani mbili. Dazani moja inapokuwa mezani, nyingine iwe friza.