Dawa ya maji na kansa: nimwambie nini mkwe wangu?

Mama Nassor, Wete
Assalam aleykum. Naomba msaada wa wanaojua maji, si wanaojua kubishana.

Bomba letu hutoka likitaka. Likikataa tunategemea tangi la saruji nyuma ya jiko, linalojazwa na mvua ya batini. Juu ya bati umelala mti wa mkungu aliopanda marehemu baba mkwe, kwa hiyo neno la kuukata halitamkwi nyumba hii. Majani yanajaa kwenye mchirizi, yanaingia tangini, na ukichota kwa kopo jeupe maji yana rangi ya chai iliyozimuliwa mara tatu. Mie natia vidonge vya dawa ya maji. Nikiona rangi imezidi, naongeza. Siku moja nilitia vitatu kwenye ndoo moja, wanangu wakasema maji yananuka kama bwawa la hoteli.

Sasa mkwe wangu karushiwa sauti kwenye simu: dawa ya maji ikikutana na uchafu hugeuka sumu ya kansa. Tangu juzi hagusi mtungi wangu. Anakwenda kisimani kwa jirani, maji ya chumvichumvi, anayanywa vivyo hivyo, na mjukuu wa miaka minne anampa. Nikisema, najibiwa: "Kisima hiki nakinywa tangu sijavunja ungo." Huyo wa kwenye simu kasema kweli au kazua?

Kijana wa Jang'ombe
Uzushi huo. Mfutie hiyo sauti bibi wa watu, yaishe.

Fundi Mstaafu, Unguja
Yasiishe hivyo, kijana. Aliyesema kashika ncha ya ukweli, kisha kaivuta kusikokwenda. Mie nimepima maji mpaka nywele zikageuka.

Klorini, ndiyo hiyo dawa ya maji, haichagui. Ikiingia majini inaua vijidudu, lakini inakula pia kila kilichooza humo: majani, mizizi, ukungu. Katika kula huko ndipo zinapozaliwa kemikali nyengine, na zinazojulikana zaidi ni trihalomethani. Mmoja wao ni klorofomu, ile iliyokuwa dawa ya usingizi hospitalini zamani. Aliyeonesha kwamba zinazaliwa hivyo ni mkemia wa Rotterdam, Johannes Rook, mwaka 1974, alipokuwa akipima maji ya mto yaliyotiwa klorini.

Hatari yake ni ya miaka mingi. Tafiti za watu waliokunywa maji yenye kemikali hizo kwa wingi kwa miongo zimezihusisha na kansa ya kibofu, ingawa ushahidi haujafunga mjadala. Ndiyo maana vikawekwa viwango: Shirika la Afya Duniani linaruhusu klorofomu mpaka miligramu 0.3 kwa lita, na Marekani inataka trihalomethani zote nne kwa jumla zisizidi miligramu 0.08. Lakini shirika hilo hilo linasisitiza kwamba hofu ya kemikali hizi isimfanye mtu aache kuua vijidudu. Waliokuwepo mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilipotuzungukia visiwani hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kile hakingoji miongo. Asubuhi mtu mzima, usiku unamtafutia sanda.

(Niseme hili, nalipenda. Daktari John Snow ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua mwaka 1853. Mwaka uliofuata ndiye aliyeonesha kwamba kipindupindu cha mtaa mmoja wa London kilitoka kwenye pampu ya maji. Vitu viwili tunavyobishania hapa vilipita mkononi mwa mtu mmoja.)

Sasa kwako, Mama Nassor. Kosa lako si dawa, ni majani. Unapoongeza kidonge kwa sababu ya rangi, unaulisha mkungu klorini, na vijidudu vinabaki na mgao mdogo. Zoa mchirizi kabla ya mvua, mvua ya kwanza iache imwagike nje, mdomo wa tangi uufunge wavu. Maji yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, yatulie, ndipo utie dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti. Funika, ngoja nusu saa. Harufu ndogo ikibaki ni dalili njema.

Na kisima kile kisimhadae mkwe wako. Chumvichumvi maana yake bahari imepenya, na bahari ina bromidi, yaani chumvi ya bromini. Maji hayo ukiyatia dawa, trihalomethani zake huwa za jamii ya bromini. Asipoyatia, kama choo cha shimo kiko jirani, mjukuu anakunywa makubwa zaidi. Akikataa dawa kabisa mchemshie. Yakichemka vizuri vijidudu vinakufa, na klorofomu kama ilikuwemo nyingi yake inatoka na mvuke.

Bi Mkubwa wa Makunduchi
Mie natia kipande cha mkaa mtungini kunyonya harufu. Nacho kinafaa?

Fundi Mstaafu, Unguja
Mkaa unaonyonya kemikali ni ule ulioshughulikiwa kiwandani, na mwengine hutoka kwa vifuu vya nazi kama vyetu. Wa jikoni unanyonya kidogo tu na kukuachia jivu. Bora ufunue mtungi harufu ipungue, kisha ufunike.

Mama Nassor, Wete
Tumelikausha tangi jana. Chini nimekuta tope jeusi mithili ya kahawa iliyochujwa, lafika kwenye kifundo cha mguu, na ndani yake kijiko changu kilichopotea tangu Ramadhani. Nimemwita mkwe aone. Katazama, kanyamaza, kisha kasema tangi hilo halikufagiliwa tangu mumewe alipofariki.

Maji ya kuchemsha kakubali. Ila anataka mtungi ufukizwe ubani kwanza, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Una neno?

Fundi Mstaafu, Unguja
Ubani usiutegemee kuua vijidudu. Mfukizie, lakini mtungi uoshwe kwanza na maji yawe yamechemka.