Mjadala: Kwa nini mfungaji wa bao anapendwa kuliko anayeongoza darasani?

Wadau, kuna hoja naisikia kila mara kwa wazazi, hata kwa walimu wenzangu: watoto wa siku hizi hawathamini elimu, wanamshangilia mcheza mpira na kumnunia anayeongoza darasani, kwa hiyo michezo ipunguzwe. Mimi napinga.

Hilo la "siku hizi" tuliondoe kabisa. Mwanasosholojia James Coleman aliwachunguza wanafunzi wa shule 10 za sekondari katika jimbo la Illinois, Marekani, na kutoa matokeo mwaka 1961. Aliwauliza wangependa wakumbukwe shuleni kwa lipi. Wavulana waliotaka kukumbukwa kama nyota wa michezo walikuwa wengi kuliko waliotaka kukumbukwa kama wanafunzi hodari. Hao leo ni mababu.

Sababu aliyoitoa ndiyo inayonigusa. Mchezaji akifunga, shule nzima imeshinda, hata yule aliyekuwa anapiga makofi tu. Mwanafunzi akipata alama za juu, ushindi ni wake peke yake, tena amewashusha wenzake. Sasa mnataka wamshangilie kwa lipi?

Nimeliona hili kwa macho yangu. Siku moja narudisha karatasi za hesabu, binti aliyepata alama za juu kuliko wote aliipokea yake, akaikunja mara nne, akaikalia. Jirani yake alipomuuliza, alijibu, "Nimeanguka vibaya." Wiki iliyofuata aliacha kunyoosha mkono. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisoma nafasi kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, nikiamini nawatia moyo.

Na wanaosema watoto hawana maadili, wanachanganya umaarufu na kupendwa. Watafiti wakiwauliza watoto "nani maarufu hapa?" na kisha "nani unapenda kuwa naye?", majina mara nyingi hayafanani. Maarufu huweza kuwa mbabe anayeogopwa. Anayependwa ni mpole, wa kuaminika, asiyetoa siri ya mtu. Watoto wanajua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tunaowahukumu.

Kwa hiyo michezo ibaki. Tubadilishe namna tunavyoshindanisha akili: mashindano ya hesabu, midahalo na sayansi yawe ya timu, darasa kwa darasa, shule kwa shule, na mashabiki wakae pembeni wakipiga kelele. Mwenye akili akiwa ndiye anayetegemewa na timu, atatafutwa kama anavyotafutwa mfungaji. Coleman mwenyewe alipendekeza kitu cha namna hiyo.

Najua kuna watakaosema kusomewa nafasi kunajenga ari. Karibuni, lakini nijibuni hili: mtoto ambaye jina lake husomwa mwisho kila muhula, mbele ya wenzake wote, ari yake mnaijenga kwa kitu gani?