Kedi wa miaka 23, handikapu 2: niwe pro sasa au nichukue kazi ya udereva? Naombeni ushauri

Kijana wa Kawe:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Nina miaka 23, naishi Kawe na mama na wadogo zangu wawili. Tangu darasa la sita nabeba mabegi kwenye kiwanja kimoja cha gofu hapa Dar, sitakitaja maana humu tunajuana. Makedi, yaani sisi wabeba mabegi, tunaruhusiwa kucheza Jumatatu, wanachama wakiwa hawapo, na huko ndiko nilikojifunzia. Fimbo zangu ni za kuungaunga, nimeachiwa moja moja na wateja. Namba saba kishikio kilishakwisha, nikakivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, na ndiyo fimbo ninayoiamini kuliko zote.

Handikapu yangu ni 2, yaani nahesabiwa kuzidisha kama mikwaju miwili tu juu ya ile iliyopangwa kwa kiwanja; kwenye gofu anayepiga michache ndiye anayeshinda. Kwenye mashindano ya ridhaa nimeshawahi kushinda begi na friji ndogo. Begi niliuza. Friji iko nyumbani, mama anauzia barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaani.

Sasa kuna mzee ninayembebea kila Jumamosi, amenipa nafasi ya udereva kwenye kampuni yake. Laki nne na nusu kwa mwezi, na bima ya afya. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Upande wa pili, mapro (wachezaji wa kulipwa) wawili ninaofanya nao mazoezi wananiambia naozea kwenye ridhaa, nijisajili niwe pro nianze kugombea hela kama wenzangu. Nikibeba begi naondoka na elfu kumi na tano, siku nzuri ishirini na tano, na kuna siku narudi mikono mitupu.

Mama anasema nichukue kazi. Mimi moyo hautaki. Asubuhi saa kumi na mbili majani yakiwa na umande, ukiupiga mpira ukatoka katikati ya fimbo, mkono hausikii kitu kabisa, unausikia tu mlio. Hicho ndicho kitu ninachokijua vizuri maishani mwangu. Nisaidieni mawazo, natanguliza shukrani.

Mkeka Mpya:

Kuwa pro dogo, usiogope. Ángel Cabrera wa Argentina alianza kubeba mabegi ana miaka 10, akawa pro na miaka 20, na hakuwa na baba tajiri. 2007 kachukua US Open, 2009 kachukua Masters, mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Wewe una 23 na bado unauliza. Umri hausubiri mtu.

Mzee wa Upanga:

Marahaba mwanangu. Kabla sijakushauri chochote, nijibu swali moja: raundi zako kumi za mwisho umepiga mikwaju mingapi? Zote, hata zile ulizochana kadi. Na uwe umehesabu pati fupi zote (pati ni mkwaju wa kuviringisha mpira kwenye griini, yale majani mafupi yenye shimo), na zile mnazosameheana bila kupiga usizihesabu kama zimeingia.

Nakuuliza kwa sababu handikapu inawadanganya vijana wengi. Mfumo unaotumika duniani tangu 2020 unachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Maana yake raundi zako 12 mbovu hazionekani kabisa. Handikapu 2 inasema ukiwa vizuri unaweza nini. Pro halipwi kwa siku alizokuwa vizuri, analipwa kwa jumla ya siku zote za mashindano, na ile siku ya tatu aliyoamka mgongo unauma imo humo humo.

Mama Tegeta:

Mwanangu, gofu siijui, ila nyumba naijua. Umetaja wadogo wawili na hukusema wako shule gani wala nani anawalipia. Kama ni wewe, basi hilo ndilo swali la kwanza, mpira baadaye. Halafu muulize huyo mzee kazi inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Kuna udereva wa kupeleka watu ofisini na kurudi, na kuna udereva wa kulala njiani. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pro wa Mkoani:

Nimeusoma uzi mara mbili ndiyo naandika, kwa sababu nilikuwa wewe. Nimebeba mabegi, nikawa pro nikiwa na 24, mwaka huu ni wa kumi na moja.

Nikueleze wiki ya mashindano ilivyo. Yanafanyika kiwanja cha TPC Moshi, wewe uko Dar. Nauli ya basi kwenda na kurudi, gesti usiku nne au tano, chakula, ada ya kuingia, na kedi wako naye umlipe (ulikuwa kedi, utaona aibu kumpa kidogo). Mwezi ujao ni Arusha, unaofuata Morogoro. Sasa hivi tuna afadhali, Lina PG Tour, mfululizo wa mashindano ya kumuenzi mchezaji gofu marehemu Lina Nkya, ilipoanza 2024 ilituzungusha mikoani na kutupa kalenda ya kueleweka, na mapro na ridhaa tunakutana kiwanja kimoja. Lakini hela ya zawadi inaanzia juu kushuka, na kule chini inaisha kabla haijakufikia. Kwenye ziara kubwa, yaani mifululizo ya mashindano ya kimataifa, ni kali zaidi. Kenya Open, ambayo tangu 2019 iko kwenye ziara ya Ulaya, ni raundi nne, na baada ya mbili kuna mchujo: wanabaki 65 wa kwanza na waliofungana nao. Ukikosa kwa mkwaju mmoja umecheza siku mbili bure na hoteli unailipa.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipata hela mara mbili tu. Nilimuuzia jirani televisheni ili niende Arusha. Ninachoishi nacho leo ni kufundisha, watoto Jumamosi na watu wa maofisini jioni. Mapro wengi unaowaona ndivyo walivyo, na hakuna aibu. Vijay Singh, yule bingwa wa Fiji, kabla hajajulikana alikuwa anafundisha watu gofu kwenye kiwanja kimoja huko Borneo. Alikuja kuzunguka Afrika, 1988 akashinda Nigerian Open, na Masters aliipata 2000.

Jambo la mwisho, na hao rafiki zako wawili sidhani kama wamekwambia. Sheria za ridhaa zilibadilika Januari 2022. Mchezaji wa ridhaa sasa anaruhusiwa kupokea zawadi hadi pauni 700 au dola 1,000, na inaweza kuwa hata fedha taslimu ikiwa mashindano hayatumii handikapu. Kwa hiyo ukibaki ridhaa hukosi kila kitu. Na mashindano ya timu za taifa Afrika Mashariki ni ya ridhaa. Ukisafiri na timu, unaona viwanja vya Nairobi na Kampala kwa nauli isiyotoka mfukoni mwako. Ukishakuwa pro mlango huo unafungwa, na kurudi ridhaa ni kuomba na kusubiri.

Mkeka Mpya:

Mkuu nakuheshimu, ila ungebaki ridhaa hata hizo mbili usingezipata. Mazoezi ya kweli ni pale hela ya kula iko kwenye pati.

Pro wa Mkoani:

Ni kweli, pati ya hela ya kula inafundisha. Ila inamfundisha aliyekula.

Kijana wa Kawe:

Nimewasoma wote, asanteni sana. Mama Tegeta, ada ya mdogo wangu wa kike ni mimi ninayelipa, yuko kidato cha tatu. Wa mwisho yuko shule ya msingi.

Mzee wa Upanga, nimekaa na daftari. Kumi za mwisho, pari (mikwaju iliyopangwa kwa kiwanja) ni 72, tii za nyuma (pa kuanzia pa mbali zaidi): 74, 76, 71, 78, 75, 73, 80, 74, 77, 75. Wastani 75.3. Ile 80 sikuwahi kumwambia mtu. Mashimo matatu ya mwisho kulikuwa na watu wamesimama nyuma ya griini wananiangalia, mikono ikawa mizito, nikapoteza mikwaju sita hapo hapo. Mpaka naandika hapa nimekuwa nikisema handikapu yangu ni 2 na nilikuwa naamini.

Mzee wa Upanga:

Umefanya kitu ambacho watu wazima hawawezi. Sasa kwenye hizo raundi, pati zilikuwa ngapi?

Kijana wa Kawe:

Nimehesabu tano ninazokumbuka vizuri. Kama 34 kila raundi.

Mzee wa Upanga:

Wale wa PGA Tour, ziara ya mapro ya Marekani, wastani wao ni karibu 29. Mikwaju mitano iko kwenye griini, mwanangu, na hiyo haihitaji fimbo mpya wala nguvu. Wewe unapiga mpira vizuri tayari. Ukishusha wastani hadi 71 kwa raundi ishirini mfululizo, na uwe umecheza mbele ya watu, njoo humu nitakuchangia ada ya kwanza ya pro. Naandika hadharani ili nisikwepe.

Mama Tegeta:

Na kazi je?

Kijana wa Kawe:

Nimempigia simu mzee leo mchana. Kazi ni ya hapa hapa mjini, saa moja asubuhi hadi kumi na moja jioni. Nilimwomba Jumatatu iwe yangu, nitafidia Jumamosi jioni baada ya raundi yake. Akanyamaza kidogo nikadhani nimeharibu, kisha akasema sawa, ila Jumamosi nitaendelea kumsomea pati zake. Naanza tarehe moja.

Mama nimemwambia, amefurahi, ingawa amekasirika kidogo kwa sababu nimefukia kopo la maziwa ya unga liwe shimo la pati pale uani anapoanikia nguo. Leo nimepiga pati mia moja za hatua mbili, zimeingia 71. Nitarudi na daftari.