KUNIPA PAMPU MBELE YA WATOTO WA YOSSO NI DHARAU NA ANAJIJUA

Namba Tisa Mgongoni

Wadau, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka uwanjani sasa hivi, hata soksi sijavua. Sitamtaja. Mnamjua. Yule kiongozi wa timu yetu anayevaa miwani ya jua mpaka saa mbili usiku, anayeongea na simu mbili kwa mpigo na zote hazina salio. Huyo huyo.

Leo ndiyo tumeanza mazoezi ya msimu. Nimefika saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mlinzi bado kajifunika blanketi. Njumu zangu juzi nilizipeleka kwa fundi akazishona pembeni kwa uzi wa nailoni, zimekaza vizuri. Tukakaa duara, kocha anasoma majina, yeye anagawa vizibao vya mazoezi. Wewe, wewe, wewe. Alipofika kwangu akaingiza mkono kwenye kiroba, akatoa PAMPU. Pampu ya mipira! Akasema, "Mzee, wewe jaza mipira upepo, watoto wana haraka."

Wakacheka. Vijana wote kumi na tisa wa yosso, wale wadogo wa timu. Kuna mmoja alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi.

Pampu! Mimi! Miaka 14 nasukuma gozi nchi hii. Nilianza 2011 ligi ya mkoa, nikaenda Mabingwa wa Mikoa, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza tangu ikiitwa Daraja la Kwanza mpaka 2021 ilipobatizwa Championship. Uwanja gani sijaacha ngozi ya goti? Kaitaba nimecheza, Lake Tanganyika nimecheza, Kambarage, Namfua, Nangwanda Sijaona. Majimaji pale Songea dakika ya 88, kona, beki kanishika jezi mpaka ikachanika kwapani, nikaruka naye mgongoni, mpira ukanigonga paji, ukagonga mwamba, ndani! Tulikuwa tumesafiri siku mbili kwenye Kosta, chakula chetu mahindi ya kuchoma ya Makambako. Bao lile ndilo lililotubakiza kwenye ligi. Siku ile mbona hakuna aliyenipa pampu?

Halafu kuna watu watasema nahamahama. Huku chini mkataba ni wa msimu mmoja, mwingine wa mdomo tu. Timu ikishuka mnatawanyika. Mfadhili akikimbia mnatawanyika. Timu ikiuzwa inabadili jina na mkoa, unaamka asubuhi timu yako iko kilomita 600 kutoka lilipo godoro lako. Nimechezea timu 11 na hakuna hata moja niliyoiacha mimi.

Na alivyoitoa! Hakunipa mkononi, alinirushia. Ikadondoka kwenye mguu wangu. Pampu.

Kocha wa Sebuleni

Timu 11 miaka 14? Mkuu wewe ni straika au daladala?

Mpira wa Kona

Nimecheka kwa sauti ofisini, bosi kanigeukia. "Hakunipa mkononi, alinirushia." Kumbe ungepewa mkononi uzi usingekuwepo?

Namba Tisa Mgongoni

Ungekuwepo!! Pampu ni pampu! Kocha wa Sebuleni, kwenye Kosta ile usingemaliza hata nusu ya safari. George Mpole msimu wa 2021/22 alitupia 17 akiwa na Geita Gold, timu ndiyo kwanza imepanda, akamzidi Mayele wa Yanga kwa bao moja. Sasa uniambie straika ni yule tu anayevaa jezi za Kariakoo, za Simba na Yanga. Straika anataka pasi, anataka dakika, anataka mtu amwamini mechi tano mfululizo. Mimi huletwa dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, timu iko mkiani, naambiwa tuokoe. Nikiokoa, msimu unaofuata analetwa mpwa wa mtu.

Kijana wa Sokoine

Huyo kiongozi namjua. Alituahidi posho ya ushindi, tukashinda, akatuletea kreti mbili za soda. Soda zenyewe za moto.

Bint Mkwakwani

Nyie mnalia na pampu. Sisi timu ya wanawake tulikuwa tunaambiwa tufue jezi za timu ya wanaume "kwa sababu nyie mnajua kufua." Tena tunapewa uwanja saa saba mchana, jua la Tanga, wao wanapewa saa kumi jioni. Siku moja nikaweka blichi makusudi. Jezi za kijani zikatoka na mabaka kama chui. Hawakutuita tena.

Mpira wa Kona

Bint Mkwakwani fungua uzi wako, huu wa pampu umeshakufa. Blichi ni bao la msimu.

Kipa Akiba

Afadhali straika. Mimi kipa, nimekaa benchi misimu mitatu, glovu nilinunua mwenyewe mtumbani, moja kubwa moja ndogo. Siku kipa namba moja alipoumia nikaingia, kiongozi mmoja akapiga kelele jukwaani, "Tumekwisha!" Hata mpira sijagusa. Huyo naye mnamjua.

Kocha wa Sebuleni

Swali moja tu, mleta mada. Ulijaza au hukujaza?

Namba Tisa Mgongoni

Hilo siyo suala. Suala ni dharau. Mtu umri wangu, amebeba timu, anarushiwa pampu mbele ya watoto ambao mimi ndiye ninayewaonyesha jinsi ya kukaa mbele ya beki, jinsi ya kumgeuza na mgongo. Huwezi.

Kocha wa Sebuleni

Kwa hiyo ulijaza.

Mwana wa Ziwa

Acheni utani, kuna watu hapa hawajui mpira. Kuhama timu nyingi siyo dhambi. Sebastián Abreu wa Uruguay, yule waliyemwita El Loco, kazunguka timu zaidi ya 25, nchi kibao, na kwenye Kombe la Dunia 2010 ndiye aliyepiga penati ya mwisho dhidi ya Ghana. Akaudokoa mpira katikati taratibu, kipa Kingson keshalala pembeni. Robo fainali ya Kombe la Dunia! Straika mzururaji huyo. Kwa hiyo mheshimuni mleta mada.

Kijana wa Sokoine

Mwana wa Ziwa umeanza vizuri ukamaliza vibaya. Ghana 2010 unaitaja ya nini? Miaka yote hii mimi bado sijamsamehe Suárez wa Uruguay kwa kuudaka ule mpira golini.

Fundi Cherehani

Kwani Suárez alikosa nini? Aliokoa timu yake, akala kadi nyekundu, Ghana wakapewa penati. Sheria ilifuatwa. Gyan ndiye aliyegonga mwamba.

Kijana wa Sokoine

Mpira unaingia golini, dakika ya 120 imepita, unaudaka kama kipa, halafu Gyan anakosa unashangilia pale kwenye njia ya kwenda vyumbani? Afrika ilikuwa inaenda nusu fainali kwa mara ya kwanza! Fundi Cherehani wewe si Mwafrika.

Namba Tisa Mgongoni

Jamani, tusitoke kwenye mada.

Haya. Nilijaza. Mipira mitatu. Mnataka kujua, mjue. Sindano ilikuwa imepinda, nikailowesha kwa mate, nikaiingiza polepole isije ikatoboa bladda. Nimepiga magoti pembeni ya mstari, wao wanakimbia raundi, kila wakipita mbele yangu naona miguu tu. Mpira wa kwanza alikuja kuuchukua yule yule aliyelala chali. Akaudundisha mara mbili, akaniambia, "Upepo mdogo, mzee." Nikaurudia. Sijui kwa nini niliurudia. Nilikuwa na mkataba mfukoni ambao bado haujasainiwa na mtoto wangu ana ada ya shule mwezi ujao, nikaurudia. Hilo la yule kijana wa yosso silo linaloniuma, yule hajui anachokicheka. Kinachoniuma ni yule mwenye miwani, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo, anaangalia, na hakusema kitu.

Bint Mkwakwani

Pole sana kaka yangu. Kesho nenda uvae njumu zako uingie uwanjani. Usisubiri kizibao.

Mpira wa Kona

Kuhusu Suárez: refa alifanya kazi yake, lakini lile lilitakiwa lihesabiwe bao. Kikapu wanahesabu pointi ukiuzuia mpira unaoshuka kwenye ringi. Kwenye soka kwa nini isiwe hivyo?

Fundi Cherehani

Kikapu ni kikapu. Mnataka kubadili sheria za dunia kwa sababu Gyan kagonga mwamba.

Kipa Akiba

Kwani Gyan alikuwa na kosa gani? Alirudi akapiga tena ya kwanza kwenye mikwaju akafunga. Sisi makipa tunajua, ile inahitaji moyo. Waliokosa ni Mensah na Adiyiah.

Mzee wa Kibanda

Mimi ile penati sijaiona mpaka leo. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye fomu na watu kama sita, nimelipa 300 yangu. Gyan kaweka mpira chini, karudi nyuma, umeme ukakatika. Kibanda kizima kikapiga yowe. Jenereta ipo nje, mwenye kibanda anasema mafuta hana. Tukadai hela zetu akasema mpira umechezwa dakika 120, tumeona wa kutosha. Alikuwa anauza mafuta ya taa dukani kwake palepale! Huyo mzee na Suárez kwangu ni kitu kimoja.

Kijana wa Sokoine

Kibanda cha wapi hicho? Kama ni kile cha karibu na mashine ya kusaga, na mimi nilikuwemo. Bado ananidai.

Mzee wa Kibanda

Hicho hicho. Ulikaa fomu ya ngapi?