Tupeane uzoefu: mpira wa gari ukigoma kuingia, unafanyaje?

Wakuu, habari za kazi. Anayejitengenezea gari anajua kwamba nati hazisumbui kama mipira. Mwenye mbinu ya nyumbani aiweke hapa.

Naanza na paipu ya rejeta. Nachovya ncha kwenye maji ya moto hadi ilainike, napaka sabuni ya vyombo ndani, kisha naizungusha huku naisukuma. Sabuni ikikauka, paipu imeshika. Grisi na oili sipaki huko kabisa, kwa sababu mpira wa paipu za maji ukinyonya mafuta huvimba na kulegea. Ya zamani iliyoganda ichane kwa wembe taratibu. Ukiichokonoa kwa bisibisi, shingo ya plastiki inapasuka na unanunua rejeta nzima.

— Mkuu, kweli kabisa. Mimi nina la bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari. Ile yenye ganda la chuma nailaza kwenye friza usiku kucha. Inasinyaa kidogo sana, ila hicho kidogo kinasaidia. Naivuta ndani kwa bolti ndefu na washa nene, nyundo naiweka mbali. Halafu jamani, bolti ya bushi msiikaze mwisho gari likining'inia kwenye jeki! Likalie matairi kwanza, ndipo ukaze. La sivyo mpira unabaki umejikunja muda wote na kuchanika mapema.

— Kioo cha mbele cha magari ya zamani, kile kinachokaa ndani ya mpira: zungusha kamba kwenye mfereji wa nje wa mpira, ncha zikutane chini upande wa ndani. Lowesha kwa maji ya sabuni. Mwenzako anasukuma kioo kwa viganja kutoka nje, wewe uko ndani unavuta kamba polepole. Utauona mdomo wa mpira ukiruka ukingo wa bati, kipande kwa kipande, mpaka kona ya mwisho. Raha sana kuutazama.

— Ndugu zangu, kwenye breki sabuni hapana, grisi ya kawaida hapana. Mpira wa pistoni upake mafuta ya breki yenyewe, masafi. Oili ya injini huuvimbisha na breki zinang'ang'ania, haziachii. Ila mpira wa oili filta ndio unaotaka oili ya injini: paka kwa kidole, kaza kwa mkono.

— Asanteni wakuu. Mipira ya kuning'inizia ekzosi je? Nani ana njia isiyochubua vidole?