Tupeane uzoefu: Tangu tiketi ihamie kwenye simu, safari yako unaipata kwa nani?

WakalaNakuru

Hamjambo wadau. Nauza tiketi hapa Nakuru mjini tangu 2005, na kilichotokea Jumanne ndicho kimenifanya nifungue uzi huu.

Kijana wa Njoro amepata nafasi ya chuo Toronto. Alikuja na babake, mzee amevaa koti lake la kutokea, bahasha ya fedha ameibana kwapani. Kijana akanionyesha simu. Safari nzima ameshapangiwa na programu ya akili unde: Nairobi hadi London, halafu Toronto, na bei ni ya chini kuliko yangu kwa shilingi 14,000. Nikaisoma mara mbili. Zilikuwa tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza inatua Heathrow, ya pili inaondokea Gatwick, na kati yake kuna saa 3. Kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine ni lazima uvuke uhamiaji, na mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kudaiwa viza ya Uingereza pale. Programu haikutaja viza, haikutaja mizigo. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa huyo aliyempangia, tukikwama tunampigia nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Mimi nilifundishwa kazi kwa kuandika amri kwenye skrini: AN20DECNBOKIS, ukibonyeza unaziona ndege za Nairobi–Kisumu za Desemba 20 zenye nafasi. Huo ni mtambo wa mawakala wa kukatia tiketi uitwao Amadeus, ulioanzishwa 1987 na mashirika manne ya ndege ya Ulaya. Sabre ya Wamarekani iliutangulia, ni ya miaka ya 1960. Abiria hakuweza kuona tulichokiona sisi, kwa hiyo alikuja ofisini, apende asipende. Juni 1, 2008 mashirika ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, yakaacha tiketi za karatasi. Hapa kwetu M-Pesa ilikuwa imeshaingia mwaka mmoja kabla, na nadhani hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko intaneti yenyewe, maana mtu asiye na kadi ya benki akaweza kulipia ndege akiwa shambani. Jambojet, shirika la ndege la bei nafuu, ilipoanza 2014, wateja wangu wa Kisumu wengi walijifunza kujikatia.

Kamisheni ya mashirika ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Leo naishi kwa ada ninayotoza. Ningependa kusikia kwenu, hasa mlio upande wa mabasi na malazi.

KaraniWaSteji, Mumias

Asante dada kwa uzi huu. Mimi ni karani wa basi, mwaka wa 13 sasa.

Zamani tulikuwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na kadibodi iliyochorwa viti. Abiria akilipa, unakata namba kwa kalamu. Shida ni kwamba Kakamega nao walikuwa na kadibodi yao ya basi lilo hilo. Januari moja, watu wanarudi Nairobi, kiti cha 14 kilikuwa na wenyewe watatu, wote na risiti halali. Nilimpakata mtoto wa mmoja wao karibu saa nzima huku nikipiga simu kutafuta nafasi kwenye gari la nyuma. Siku hizi kiti kikiuzwa Kakamega, kwangu kinafungika hapo hapo. Kwa hilo nashukuru kila siku ya Mungu.

Jambo lingine ni hili. Mtoto aliye Nairobi anamnunulia mamake kiti akiwa kazini. Mama anafika stejini na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe: "Karani, hebu nisomee." Nasoma: kiti cha 7, dirishani, saa 2 usiku. Ananiomba nimwandikie. Namwandikia kwa biro, anaikunja ile karatasi mara nne na kuifunga kwenye ncha ya leso. Kamisheni ya tiketi hiyo siipati, imekwenda kwa mwenye programu. Karatasi bado naandika.

Kinachoniumiza ni nauli. Mtambo unapandisha bei viti vinapopungua, na mwezi wa Desemba unapandisha siku hiyo hiyo. Mtu ameuliza asubuhi nikamwambia 1,200, amekwenda kutafuta pesa, anarudi jioni ni 1,800. Ananiita mwizi mbele ya watu. Mimi bei hiyo sikuipanga na siwezi kuishusha, lakini uso anaouona ni wangu.

MsafiriBungoma

Mimi langu ni fupi. Desemba iliyopita niliona ukurasa wenye picha ya basi ninalolijua, bei nzuri, nikatuma nauli za watu wanne. Namba ilikuwa ya simu ya mtu binafsi, si ya till, yaani namba ya malipo ya biashara. Nililiona jina la mtu nikadhani ni mhasibu. Tulifika kituoni na mabegi na watoto, hakuna kiti hata kimoja. Tafadhalini, kabla hujabonyeza namba yako ya siri, soma jina linalojitokeza.

MamaWaDunga

Nina vyumba 6 karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Kabla ya mtandao nilikuwa nangojea watu wa semina na wa matanga. Sasa niko Booking.com na tovuti nyingine, nakatwa asilimia 15. Chumba cha 3,000 kinaniachia 2,550. Wenzangu wengi hulia na makato hayo. Mimi nasema hivi: mwaka jana nimelaza Wajerumani wawili siku nne, wamekuja kutazama ndege wa kwenye mafunjo, na mimi nisingewapata kwa kubandika karatasi kwenye mti. Tena wakirudi hunipigia simu moja kwa moja.

Mkasa wangu ni wa kalenda. Tovuti mbili, na pia daftari langu la mistari mapokezini, kila kimoja kinasema lake. Usiku mmoja saa 4 wakafika mume na mke mjamzito, wana uthibitisho kwenye simu wa chumba namba 3. Chumba namba 3 kina mtu analala. Yule mama alikuwa amevimba miguu, viatu ameshika mkononi. Nikawapa chumba changu, mimi na binti yangu tukalala sebuleni. Asubuhi waliniandikia maneno mazuri, ila sitaki kurudia. Mnaojua, kalenda hizi zinaunganishwaje?

MwalimuVihiga

Tulipowapeleka wanafunzi Mombasa, tulikata tiketi za treni ya Madaraka Express kwa kubonyeza *639#. Hakuna intaneti, simu yoyote inafaa. Wanaotengeneza programu za mabasi ya huku kwetu wangeiga hilo. Yule mama wa stejini aliyemtaja Karani angejisomea.

KiongoziKisumu

Mimi huongoza wageni: mawe ya Kit Mikayi, kisiwa cha Ndere, msitu wa Kakamega. Mwezi wa 8 nilipigiwa simu na Mfaransa amesimama bandarini Kisumu, begi mgongoni, anatafuta meli ya Mwanza. Akili unde ilimwandikia mpaka saa ya kuondoka na bei ya daraja la kwanza. Nilijua ilikotoa. Meli ya abiria ya Mwanza ilikuwepo, babangu aliipanda. Siku hiyo haikuwepo. Maandishi ya zamani yamebaki mtandaoni, hakuna wa kuyafuta, na mashine inayasoma kana kwamba yameandikwa jana. Nilimpeleka kwenye mabasi, akapitia Isebania.

Usiku ule nikaiuliza programu ile ile: nani atanipeleka Kit Mikayi? Ikanitajia kampuni za Nairobi tu. Miaka 11 nimepanda mawe yale, najua lipi linateleza mvua ikinyesha, na mimi simo. Sikulala vizuri. Kumbe sijawahi kuandika popote bei yangu, saa zangu, wala mahali ninapopatikana. Yote iko kichwani na kwenye WhatsApp. Wiki iliyofuata nilijiweka kwenye ramani ya Google, nikaandika kila kitu kwa Kiingereza na Kiswahili, nikawaomba wageni wa zamani waandike walichokiona. Tangu hapo nimepata vikundi vitatu ambavyo sikuunganishwa navyo na mtu yeyote.

WakalaNakuru

Kiongozi, hilo lako nimelisoma mara tatu. Sasa mashine inamtangulia mtu kwa mgeni, na mashine hutaja kilichoandikwa.

Kuhusu nani anawajibika ikikosea, iko kesi moja. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake, kuhusu nafuu ya nauli kwa waliofiwa. Shirika lilijitetea kana kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza likakataa: tovuti ni yako, maneno ni yako. Lakini hiyo ni roboti ya shirika lenyewe. Ya kijana wa Njoro haikuwa imemuuzia kitu, kwa hiyo mzee asingekuwa na wa kumdai.

Mama, kalenda zinaungana. Tovuti nyingi zina kiungo cha kalenda. Unakinakili cha hii unakibandika kwenye ile, zinasomana. Zinachelewa kidogo, wakati mwingine saa kadhaa, kwa hiyo siku za msongamano acha chumba kimoja nje ya mtandao. Ukiwa na vyumba vingi zaidi, iko programu ya kulipia inayofunga chumba kote kwa mara moja. Na daftari liandikwe kutoka kwenye simu, si simu kutoka kwenye daftari.

MamaWaDunga

Asante mwanangu. Jumamosi napanda Nakuru kwa harusi ya mpwa wangu. Nitakuja ofisini na simu na daftari, uniunganishie nikiona.

WakalaNakuru

Karibu sana Mama, fika kabla ya saa 6. Na mlioniuliza inboksi: kijana amekata tiketi moja kupitia Addis Ababa, mizigo inakwenda mpaka Toronto. Babake aliandika namba yangu nyuma ya ile bahasha, akaisoma kwa sauti nimsahihishe.